Njia ya Kotor Aliyoipanga Ognjen

"Hapa msipite kwa haraka," Ognjen alisema, kidole kikiwa juu ya ramani. "Mkifika daraja la mto Tara, simamisheni gari mshuke."

"Tushuke tukafanye nini?"

"Mtazame chini tu. Utaogopa, halafu utaanza kucheka. Nakujua, Vedrana."

Vedrana alicheka hapohapo, akamsukuma bega. Walikuwa jikoni kwa Ognjen, pale Belgrade, kahawa imeshapoa, wakipanga safari ya gari hadi Kotor, mji wa pwani kule Montenegro. Ilikuwa safari ya fungate, na fungate lenyewe ni la Vedrana na mchumba wake Strahinja, siyo la Vedrana na huyu mjinga aliyekuwa anachagua kila kona ya mlima kana kwamba yeye ndiye atakayeshika usukani.

Ndiyo, mjinga. Nampenda Ognjen lakini kweli nitaisema. Tangu wakiwa shule moyo wake uko kwa huyu dada, na hajawahi kufungua mdomo.

Simu yake ikalia. Ujumbe kutoka kwa Senka, mdogo wake:

"Umeshamwambia?"

"Bado."

"We kaka una nini? Strahinja yuko njiani na chupa ya rakija. Anakuja kukuomba uwasimamie ndoa. Sema SASA HIVI!"

Ognjen akaifunika simu mezani. Huku kwetu kwa Waserbia, msimamizi wa ndoa hashiki pete siku moja akaenda zake. Anakuwa ndugu wa maharusi mpaka kaburini, na kumtamani bibi harusi baada ya hapo ni sawa na kumtamani dada yako wa tumbo moja. Halafu ukishaombwa, hukatai. Nimeona watu walionuniana miaka na miaka wanaombwa, wanameza hasira na kukubali. Kwa hiyo kama Ognjen alikuwa na neno, ilibidi alitoe kabla kengele ya mlango haijalia.

"Vedrana."

"Niambie."

"Hii safari..."

Vedrana aliacha kucheka. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Hii safari imefanyaje, Ognjen?"

"Kule Žabljak, juu milimani, kuna baridi hata mwezi wa tano. Ubebe sweta."

Jamani! Sweta!

"Ni hilo tu ulilotaka kuniambia?"

"Na soksi nzito."

Kengele ikalia.

Strahinja aliingia amejaa mlangoni, chupa ya ile pombe kali ya matunda imefungwa utepe mwekundu, shati jeupe limepigwa pasi. Angekuwa mtu mbaya tungemchukia tukapumzika. Ila yule bwana hana baya.

"Bado mko na ramani tu? Mimi nilishasema tupite njia kuu, tufike baharini tule samaki, basi. Mwenzangu anataka milima."

Kisha akavua kofia, sauti ikabadilika.

"Ognjen, nimekuja kwa jambo. Nakuomba kwa jina la Mungu na la Mtakatifu Yohana, usimamie ndoa yetu."

Ognjen alimtazama Vedrana. Vedrana alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, macho hayapepesi.

"Ni heshima kubwa," Ognjen alisema. "Nimekubali."

Strahinja akambusu mashavuni mara tatu, akamimina rakija, wakanywa. Halafu akatoka na simu kwenda kwenye korido, anapiga kelele, "Mama! Mama, amekubali!"

Jikoni wakabaki wawili.

"Umekubali," Vedrana alisema.

"Ningefanyaje? Hakuna anayekataa."

"Yupo ambaye angekataa."

"Nani?"

"Mwanaume anayenipenda."

Ognjen akaweka glasi mezani.

"Strahinja alitaka kumwomba binamu yake," Vedrana aliendelea, sauti chini. "Mimi ndiye niliyemwambia aje kwako. Nikasema moyoni, Ognjen akikataa nitajua. Akikataa, naivunja harusi leoleo."

"Vedrana, nakupenda. Toka zamani mimi..."

Akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usinifanyie hivyo. Siku zote hizo ulikuwa wapi? Umeshakunywa. Umeshakuwa kaka yangu."

"Naenda kumwambia nimebadili mawazo."

"Haya, nenda."

Ognjen aliinuka, akafika mlangoni, akaufungua kidogo. Strahinja alikuwa ameegemea ukuta, analia kama mtoto na simu sikioni.

"Mama, unajua sina ndugu. Leo nimempata."

Ognjen alisimama pale, mkono kwenye kitasa. Mlango ni wake, nyumba ni yake, na hakuweza kutoka. Akaurudisha, akaja kukaa. Vedrana alikuwa anaikunja ramani huku machozi yanawadondoka wote wawili, na hakuna aliyemfuta mwenzake.

Harusi ilifana, sitadanganya. Nyama ya kuchoma ilijaa meza, tarumbeta zilipigwa mpaka wazee wakasimama kucheza. Kanisani Ognjen alishika mshumaa nyuma ya maharusi, nta ikamdondokea vidoleni na hakuusogeza. Senka alilia kuliko mama wa bibi harusi, watu wakadhani ni furaha.

Kesho yake mchana Ognjen akapigiwa simu.

"Msimamizi! Tuko milimani, ramani ya simu imegoma. Tumefika njia panda, na mke wangu kila nikimuuliza, eti hajui."

"Mbele yako kuna nini?"

"Kituo cha mafuta kimefungwa. Na kibanda cha jibini."

Ognjen akafumba macho. Angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema rudini. Lakini ndugu akiulizwa njia, anasema njia.

"Shika kushoto. Mwendo mdogo, kuna kona kali."

"Umesikia, mke wangu? Kushoto! Hebu mshukuru kaka yako."

Upande wa pili injini ikaunguruma. Kisha sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe ikasema:

"Asante, kaka."

"Safari njema, dada."