Upo, Yisela?

Tarehe tisa Mei, saa kumi na mbili na robo jioni, Etelvina Rentería aliitikia badala ya marehemu.

Alikuwa anatoka dukani kununua mishumaa na kahawa ya waombolezaji. Ilikuwa siku ya nane ya novena, sala za siku tisa, ya bintiye, Yisela, aliyekwenda Medellín kuanza chuo kikuu, akarudishwa Quibdó ndani ya jeneza. Mvua ilikuwa imekatika. Matope yalinuka. Ndani ya mfuko wa aproni, simu ya marehemu ikatetemeka.

*Upo, Yisela?*

Ni Compa, ile programu ya kuongea ambayo chuo kiliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza iwaangalie. Iliwakumbusha mitihani. Iliwauliza kama wamekula. Kila jioni ilimwuliza Yisela kama yupo, na kila jioni alijibu: *Nipo*. Hata homa ilipomlaza peke yake katika chumba cha kupanga, alijibu vivyo hivyo. Compa akaridhika, na hakuna mtu aliyekwenda kumgongea mlango.

Simu ikatetemeka tena.

*Usipojibu leo, nitahesabu kwamba umeondoka.*

Umeondoka... Mama gani angelinyamazia neno hilo? Kidole kikatangulia akili.

*Nipo.*

*Vizuri,* Compa akaandika. *Basi baki.*

 Tangu utotoni Etelvina alijua: mpaka madhabahu ya msiba ishushwe siku ya tisa, hakuna anayeruhusiwa kuitikia badala ya marehemu. Alirudi nyumbani na mishumaa yake. Hakumwambia mtu.

Jioni iliyofuata nyumba ilijaa. Shuka nyeupe za madhabahu zilifunika ukuta mzima, na juu yake utepe mweusi. Barazani vijana walipiga domino.

"Shangazi, kahawa hii umeipika au umeiosha?" Wílmer aliuliza.

"Wewe kunywa," jirani akamjibu. "Angekuwepo Yisela angekufunga domino mpaka ulie."

Wakacheka. Mama Plácida, kiongozi wa sala, akatoa kichwa mlangoni.

"Punguzeni. Tumekuja kumsindikiza mtoto wa watu, siyo kumchelewesha."

Sala zikaisha. Watu wakajipanga safu mbili, wakaacha njia kutoka madhabahuni hadi mlangoni. Taa zikazimwa. Ukabaki mshumaa mmoja. Plácida akavuta shuka, zikaanguka taratibu.

Wakasubiri mwali wa mshumaa uinamie mlangoni. Ndivyo roho inavyoaga.

Mwali ukainama...

Ndani.

Ikaja harufu ya dawa ya kuchua. Jasho la homa. Chumba ambacho hakijafunguliwa dirisha kwa siku nyingi.

Aproni ya Etelvina ikawaka mwanga.

Akaitoa simu. Maneno yalikuwa yanajiandika, herufi baada ya herufi. Hayakuwa upande wa Compa. Yalikuwa upande wa Yisela.

*Mama, nilikuwa nimeshafika mlangoni.*

*Nani amesema nipo?*

Plácida alisoma juu ya bega lake.

"Etelvina," akanong'ona. "Uliitikia badala yake?"

"Neno moja tu, Mama."

"Lini?"

"Jana... Tuanze upya. Tutundike tena shuka, tusali upya. Nitapika mimi, nitafanya yote..."

Plácida akamshika mkono. 

"Njia hufunguliwa mara moja, mwanangu."

Asubuhi Wílmer alipiga simu chuoni. Wakamwambia akaunti ya Yisela ilifungwa siku ya mazishi, na kwamba Compa hajamwandikia kitu tangu hapo. "Labda kuna mhuni ameiba neno lake la siri," Wílmer alisema. Hakumtazama shangazi yake alipokuwa akisema.

Waliifungia simu kwenye mtoto wa meza, chini ya picha ya Mama Maria wa Karmeli, bila kuichaji. Chaji ilikwisha zamani. Lakini kila jioni, muda uleule, ufa wa mtoto wa meza hupenyeza mwanga, na chumba hunuka dawa ya kuchua. Etelvina aliifungua droo mara moja tu.

*Nipo.*

*Nipo.*

*Nipo, mama.*

Hajibu tena. Hupiga magoti sakafuni mpaka mwanga uzimike, na sala yake ni moja.

Ee Bwana, mpe Yisela raha ya milele. Mlango niliomfungia mimi, mfungulie wewe. Apumzike kwa amani. Amina.