Mafuta ya Mbuzi wa Gairo

"Rehani, uko wapi?"

"Dukani, mpenzi. Mbona unahema?"

"Njoo chuoni. Sasa hivi."

Nasra akakata simu. Alikaa, akainuka, akaizunguka meza ya maabara, akaisoma tena karatasi ya majibu. Jumatatu anawasilisha utafiti wa miaka miwili, Ijumaa yake anaolewa, na majibu yanamwambia kitu asichotaka kukisikia.

Meseji ikaingia: "Niko njiani. Kuna nini? Unanitisha."

Akashuka hadi getini kumsubiri. Bodaboda ilipomshusha Rehani getini, alimkuta Nasra keshasimama nje, hatulii.

"Wale mbuzi wa Gairo niliochukua mafuta yao mwezi wa kumi, ulikuwa nami. Walikuwaje?"

"Wamekonda. Mbavu unahesabu."

"Haya. Ndani ya seli za mafuta kuna vimeng'enya vinavyogeuza chakula kuwa mafuta. Mbuzi akishinda na njaa, vinazembea. Akishiba, vinachapa kazi. Sampuli zangu zote kumi na mbili zinachapa kazi, Rehani. Hawa ni mbuzi walioshiba!"

Rehani akageukia milima. Ukungu ulikuwa umeifunika Uluguru mpaka kiunoni. Nasra anamjua huyu. Akiwa na la kuficha, huangalia mbali.

"Labda mashine..."

"Nimerudia mara tatu! Tulirudi Jumamosi, maabara imefungwa, nikayaweka mafuta kwenye friza la mama yako. Jumatatu ukaniletea mwenyewe. Nani aliyagusa?"

Rehani akamgeukia.

"Mama aliyakaangia ndizi."

"Nini?"

"Alidhani ni zawadi yake. Mkwe katoka safari, atakujaje mikono mitupu? Akawatangazia majirani wote. Hata wewe ile Jumapili ulikula, Nasra. Ukaomba uongezewe."

Nasra alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Na haya niliyopima?"

"Nilikimbia machinjioni Jumatatu alfajiri, nikanunua mafuta ya mbuzi wanono, nikajaza mifuko ileile yenye namba zako. Mama alikuwa na furaha mno. Nikaogopa, ningekwambia ungevunja ndoa."

"Ningelia siku moja, yakaisha! Umeniacha nibebe uongo miezi miwili. Jumatatu ningesimama mbele ya walimu wangu nikautetea!"

Akavua pete. Rehani akapiga magoti kwenye changarawe, wanafunzi wakipita na kugeuka.

"Niambie nifanye nini."

Bado anampenda, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Mvua zimeanza, mbuzi wanashiba. Mimi nitasubiri kiangazi kingine, na ndoa itasubiri mbuzi wakonde. Sasa mpigie mama, umwambie kila kitu."

Rehani alipiga, akaweka spika, akaeleza kwa kigugumizi. Mama Rehani akauliza:

"Kumbe nimekula shule ya mkwe wangu?"

"Shikamoo mama," Nasra akasema. "Wewe hukujua."

"Marahaba, mwanangu. Huyo aliyejua, usimwonee huruma."

Kiangazi kikaja. Rehani alishinda Gairo akiwashika mbuzi wakati Nasra na mchinjaji wakifanya kazi, na hakuna mfuko alioufunga bila Nasra kuuona. Waliporudi ilikuwa tena Jumamosi, maabara imefungwa. Wakatazamana, wakaenda kwa mama.

Jumatatu asubuhi Nasra alimkuta Mama Rehani kaketi kwenye kigoda mbele ya friza, kanga mabegani.

"Tangu juzi hajapita mtu hapa," alisema. "Hata mimi mwenyewe sijafungua. Hesabu."

Nasra akafungua, akahesabu mifuko. Kumi na mbili. Akatoa pete kwenye pochi, akamkabidhi Rehani.

"Nivishe," akasema. "Halafu ubebe boksi la sampuli."