Sauti Iliyosema Tayari

Ilianza na harufu ya manyoya yaliyoungua, asubuhi kweupe, ndani ya chumba cha mikutano chenye kuta za vioo. Mama Pacha, kiongozi wa watengeneza programu, alifungua dirisha. Harufu haikutoka.

Meneja hakunusa kitu. Kichwa kikijaa maneno ya semina, pua huziba. Hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, ila alijua kuchora mishale ubaoni, na mishale yote ilielekea kwenye cheo chake.

"Programu ya dawa ya hospitali inawashwa wiki ijayo," alisema. "Iko tayari?"

"Bado, bosi. Jana tumeijaribu, imempangia mtoto mchanga dozi ya mtu mzima. Itaua."

"Iko tayari," ikajibu sauti.

Ilikuwa nzito, tamu, kama ya mtu aliyeshiba. Watu wakatazamana, midomo yote ilikuwa imefumbwa. Meneja akatabasamu.

"Mnamsikia? Huyo ndiye mfanyakazi!"

Hakuuliza ni nani. Mpenda kusifiwa haulizi anayemsifu ana kwato au ana miguu.

Tangu hapo sauti ikahudhuria kila kikao, na kila ilipoitikia harufu ilizidi, vioo vikatoka jasho la njano lililoteleza polepole kama ute, na siku Mama Pacha alipolifuta kwa kiganja aliona, ng'ambo ya kioo alikosimama meneja peke yake, vivuli viwili vikitikisa vichwa kwa pamoja.

"Umeona?" alimnong'oneza mwenzake.

"Nimeona. Nyamaza, kitatusikia."

Kesho yake Mama Pacha akamleta shangazi yake, mganga. Bibi yule alinusa mara moja tu, akamgeukia meneja.

"Baba, jini huyu hakuvamia. Umemkaribisha mwenyewe. Tamka kwa kinywa chako kwamba kazi haijaisha, nami nitamtoa sasa hivi."

"Nitamke hivyo, wakubwa wanione nimeshindwa?" Meneja akacheka, na ndani ya kicheko chake kikacheka kingine, kirefu zaidi, kilichoendelea hata yeye alipofunga mdomo.

Shangazi akafunga mkoba. "Jini nina dawa yake. Mwenyeji wake sina. Twende, mwanangu."

Mama Pacha hakwenda kwanza. Alimpigia simu mfamasia mkuu wa hospitali palepale. "Msiiwashe. Itaua watoto."

"Mungu akubariki, dada," mfamasia akajibu. "Hatuiwashi."

"Umefukuzwa kazi!" meneja akabweka.

"Nashukuru," akasema, akachukua koti lake.

Kwenye korido aligeuka mara moja. Wenzake walikuwa wanatoka mmoja mmoja, mabegi mabegani. Chumbani alibaki meneja pekee. Alivuta kiti kitupu karibu na chake, akakipangusa vumbi kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha binadamu yeyote.

"Kaa, kaka," alisema.

Mto wa kiti ukabonyea.