Nitazame Juani

Soko la Mbuba lilikuwa limefurika siku hiyo: wenyeji na mikungu yao ya ndizi, wakimbizi na maharage ya msaada, madereva wa malori wakitafuta cha kushusha vumbi kooni. Wiston alikuwa ameinua kikombe cha maji mpaka mdomoni, mara mkono wa mwanamke ukakipiga, maji yote yakamwagikia fulana yake mpya.

"We dada, una wazimu?"

"Wazimu unao wewe, kaka. Maji hayo yametoka mtoni, chini ya vyoo vya kambi. Unataka kuliua ini lako?"

Alikuwa amevaa sketi ya kitenge cha bluu, koti jeupe kalikunja kwapani, shingo inang'aa kwa jasho. Akafungua chupa ya chai, akammiminia maji ya vuguvugu yaliyochemshwa. Wiston akanywa akimwangalia yeye, si kikombe.

"Nani amekutuma uniokoe?"

"Mshahara wangu," akajibu, akacheka, na hapo dereva wa watu akaisha.

Benedicta alikuwa mzaliwa wa Nyantakara kule Biharamulo, daktari mtafiti aliyekuja kuchunguza kwa nini homa ya ini inawaangusha watu kambini. Wiston alileta unga kutoka Biharamulo. Kila safari alifikia kwa Benedicta jioni, na kila alfajiri aliondoka na chupa ya maji aliyochemshiwa. Akiwa mbali alimwita kwa redio ya upepo.

"Bene wangu, maji yako matamu. Ova."

"Wiston, ofisi nzima inasikia! Ova."

"Wasikie. Ova."

Siku moja lori likaharibika, akabaki mpaka asubuhi, akaamua kumfuata kazini. Alimkuta nje ya hema ameshika kidevu cha mwanamume. Jina lake Nduwayo, mwalimu, mkimbizi kutoka Burundi, mrefu, mzuri kupita kiasi, shati jeupe limenyooka utadhani kambini kuna dobi. Benedicta alimwinua uso juani, akamtazama machoni. Akaendelea kumtazama. Nduwayo akatabasamu.

Jioni ile chakula kilipoa mezani.

"Yule ni nani?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa gani anacheka?"

"Anayepona. Natafuta manjano machoni, Wiston. Ndivyo homa ya ini inavyojionyesha."

"Si ungemtazama kwa taa, humo hemani, mbele ya wauguzi?"

"Kwenye taa macho ya kila mtu ni ya manjano. Lazima jua."

"Mimi hujawahi kunitazama hivyo."

"Wewe nakuona kwa kibatari tu, mpenzi. Jua linakukuta barabarani!"

Maelezo yalikuwa wazi, ila Wiston alikwisha kuziba masikio. Alfajiri aliiacha chupa mlangoni. Safari iliyofuata akaiacha tena. Njiani alikunywa popote, hata mtoni, tena kwa makusudi, huku akinong'ona, "Akamchemshie Nduwayo." Mpumbavu yule! Alidhani anamkomoa Benedicta, kumbe anajikomoa mwenyewe.

Mwezi ukapita na zaidi. Benedicta naye alikuwa na donge lake: watu walimwambia kwamba siku hizi Wiston anashinda kwa Tecla, mama ntilie wa Nyakanazi mwenye kiuno. "Akanywe huko huko," alisema. Chupa akaiosha vilevile, akaijaza.

Asubuhi moja Wiston akatokea kambini na miwani nyeusi. Miguu ilikuwa mizito, chakula kilimchefua, naye akajidanganya kuwa ni hasira tu.

"Nimekuja kuaga. Nimeomba njia ya Mwanza."

"Tecla amekuchoka?"

"Tecla gani? Aliyenichosha ni wewe na mwalimu wako."

"Vua miwani uniambie hayo."

"Sivui."

Akamvua yeye. Akamshika kidevu, akamwinua uso juani mbele ya foleni nzima. Wiston alingoja utamu aliouota siku zote hizo. Macho ya Benedicta yakajaa machozi.

"Mbona unalia? Nduwayo hukumlilia."

"Nduwayo ni mgonjwa wangu. Wewe ni wangu! Manjano tupu, Wiston. Umekunywa maji gani?"

"Yoyote," akajibu kwa sauti ndogo. "Isipokuwa yako."

Wakamlaza kwenye kitanda alichokiacha Nduwayo. Na Nduwayo huyo huyo ndiye aliyemletea uji wa mkewe Speciosa, akamwambia, "Kaka, mimi alinitazama macho tu. Wewe anakutazama hata ukilala." Wiston aliona aibu, akanywa uji wote.

Kila asubuhi ikawa kidevu na jua, mpaka siku Benedicta alipopumua kwa nguvu. "Meupe."

"Basi hutanishika tena?"

"Unapita kwetu Nyantakara kila safari. Lori lako halina breki?"

"Nisimame nimwambie nini mzee?"

"Kwamba binti yake amekuchemshia maji mpaka kuni zimeisha. Sasa anataka mume wa kuzikata."

Benedicta akamkabidhi chupa, akamwita anayefuata: kijana mzuri wa mabega mapana. Akamshika kidevu, akamwinua uso juani. Wivu ukamchoma Wiston palepale. Ila safari hii chupa ilikuwa mkononi mwake. Akaifungua, akanywa mpaka tone la mwisho.