Maua ya Ruthu

"Wewe! Unakanyaga maua yangu!"

Treni ya kutoka pwani ilikuwa ndiyo kwanza imesimama Dodoma, mwaka 1912, na stesheni ilifurika abiria na wapagazi. Yotham, kijana wa koti la kaki aliyemfanyia kazi Mjerumani mpiga picha, alikuwa amekumbatia sanduku la vioo vya kupigia picha asione anapotia mguu. Alipotazama chini aliona maua ya mwituni, mekundu, yaliyopinda kama ndimi za moto.

"Samahani, dada."

"Samahani itayaotesha? Nimeyabeba kwenye kitambaa kibichi tangu kijijini kwetu Mlali!"

Aliitwa Ruthu, na alikaa mjini kwa shangazi yake. Alivaa kaniki mpya na shanga nyeupe shingoni, na hasira ilimpendeza hata Yotham akasahau uzito wa sanduku. Akaokota ua moja lililopona.

"Nipe hili. Kesho mchana nitakurudishia lisilonyauka."

"Mwongo mkubwa."

Kesho yake Ruthu alikwenda, hasa ili amkamate mwongo. Nyuma ya nyumba ya Mjerumani, Yotham alilaza ua juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akalifunika kwa kioo, akaliacha juani. Alipoiosha karatasi ikawa buluu, na ua likabaki jeupe, mishipa yake yote ikionekana. Ruthu aliifuata mishipa ile kwa ncha ya kidole.

Tangu hapo alimletea maua kila Jumapili baada ya ibada. Siku moja Ruthu alilisogeza ua kidogo kabla jua halijamaliza kazi. Vikatokea vivuli viwili, kimoja kikali, kingine hafifu.

"Linapumua!" Yotham aliruka. "Mchawi wewe."

"Mchawi ni wewe, mpenzi, unayetega jua."

Walitengeneza picha thelathini za namna hiyo.

Kisha Ruthu akazikuta zimetundikwa barazani kwa Mjerumani, Bwana Hollmann, mbele ya wageni wake, wafanyabiashara wa mjini. Bwana alikuwa akiwaambia kwa Kiswahili chake kigumu, "Mimi nimetafuta maua haya. Mimi nimevumbua kivuli hiki." Yotham alisimama kando na sinia la vikombe, akigawa chai.

Ruthu alimfuata jikoni.

"Ulimpa?"

"Alizichukua chumbani mwangu, Ruthu, mimi si..."

"Sikuulizi alichochukua! Nakuuliza mdomo wako ulikuwa wapi!"

"Angenifukuza, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Kaa na Bwana wako."

Jumapili tatu Yotham alimngoja nje ya kanisa. Jumapili tatu Ruthu alimpita kama anayepita gogo.

Siku picha zilipopelekwa stesheni kusafirishwa Ulaya, Yotham aliliweka kasha la picha chini mbele ya watu wote.

"Bwana, picha hizi ni zangu na za Ruthu binti Matonya. Vivuli viwili ni kazi ya mkono wake."

Bwana Hollmann alicheka. Yotham akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kiboko cha Bwana kikamchana shavu. Akarudia tena, damu ikimtiririka shingoni. Kasha lilipakiwa, treni ikaondoka.

Ruthu alipata habari, akaja mbio, akamkuta Yotham kwa rafiki yake Shaaban. Alimnyang'anya Shaaban kitambaa, akaosha jeraha mwenyewe.

"Mjinga wewe! Kwa nini hukuniita, nami niseme?"

"Zimekwenda, Ruthu. Na kazi sina."

"Najua. Tulia."

"Bado una hasira?"

"Sana."

"Basi nije kwa baba yako hivyo hivyo, na hasira zako?"

Ruthu alikandamiza kitambaa mpaka Yotham akapiga yowe.

"Njoo kabla sijabadili mawazo!"

Walikwenda Mlali kwa miguu, wakigombana njia nzima. Mzee Matonya alitaka ng'ombe kumi na wawili. Yotham, asiye na hata mbuzi, alimchungia mifugo misimu mitatu badala yake. Picha zile hazikurudi kamwe, na Ruthu hakumsamehe Hollmann mpaka anaingia kaburini. Yotham alisamehewa asubuhi ya harusi yao, na hata msamaha huo Ruthu aliutoa kwa kufoka.