Uso Mpya wa Saa ya Kocha

"Doa liko wapi?"

Insiya aliinamia koleo zake mezani. Huzefa aliisogeza saa karibu na dirisha, akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta unywele ndani ya maziwa.

"Insiya, nakuuliza. Doa la maji liko wapi?"

Walikuwa wawili tu katika karakana ndogo ya kutengenezea saa, mali ya Mzee Taher, baba yake Insiya, ghorofani, kwenye uchochoro wa Bhendi Bazaar, Mumbai. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya jirani. Mzee mwenyewe alikuwa ameshuka msikitini.

Saa yenyewe ilikuwa ya miaka ya sabini, zile zenye vibonye viwili ubavuni za kupimia mbio: unabonyeza, mshale wa rangi ya chungwa unaondoka, unabonyeza tena, unasimama. Huzefa alikuwa anazikusanya saa za namna hiyo, lakini hii hakuinunua. Ilikuwa ya marehemu baba yake, kocha wa kuogelea. Jua la bwawani lilikuwa limeufifisha uso wa saa, pale penye namba, ukawa na rangi ya chai ya maziwa, na kwenye kijiduara cha dakika palikuwa na doa la maji.

Sasa uso ulikuwa mweusi tii, unang'aa kama umetoka kiwandani jana.

"Nilikuletea utengeneze mashine ya ndani tu," Huzefa alisema. "Mshale ulikuwa unakwama. Nikakwambia uso usiguswe."

"Uliniambia."

"Na habari ya doa nilikusimulia. Mimi mtoto mdogo, nazama, baba akajitosa na saa mkononi na viatu miguuni. Watu wakamwambia aipeleke ikasafishwe, akakataa. Akasema, hiyo ndiyo risiti ya mwanangu." Akaishusha saa. "Ulilia, Insiya! Nilipokusimulia ulilia. Halafu ukaenda kulisugua? Nani amefanya hivi?"

Insiya alisikia viatu vya baba yake vikipanda ngazi taratibu, kimoja, kisha kingine.

"Mimi," alisema haraka. "Niliona itapendeza. Siku ya harusi yetu watu wataiangalia."

Huzefa alimtazama kama mtu aliyebisha hodi kwake akafunguliwa na mgeni. Akatia saa mfukoni, akatoka. Pale ngazini alimpisha mzee kwa adabu, akamwamkia, akaenda zake.

Jioni simu ya Insiya ikalia. Ujumbe:

"Sina ugomvi na saa. Nina ugomvi na wewe ambaye nilidhani nakujua. Naomba harusi isimame. Ijumaa nitakuja kurudisha sinia la zawadi za uchumba."

Insiya aliusoma, akauweka uso wake kwenye mto.

Ukweli ulikuwa hivi. Insiya ndiye aliyetengeneza mashine ya saa ile. Akautoa uso, akauhifadhi kwenye kikopo kidogo mezani, kisha akaitwa mjini Surat kwenda kumsaidia dada yake Tasnim aliyejifungua. Baba akabaki na kikopo. Na Mzee Taher alikuwa fundi wa nyuso za saa tangu ujana wake. Anasafisha, anapaka rangi, anachora namba upya. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumletea uso wenye doa kwa sababu analitaka doa. Alipouona, alidhani unamsubiri yeye. Insiya alikuwa amesahau kumwambia neno moja tu: usiguse.

Aliporudi kutoka Surat alimkuta baba amekaa na saa mbele yake, ametabasamu hadi masikioni.

"Zawadi ya mkwe wangu," alimwambia. "Shika, mpelekee."

Utamwambiaje mtu kama huyo?

Usiku ule Tasnim alipiga simu, mtoto analia nyuma yake.

"Kwa hiyo umejitwisha kosa lisilo lako?"

"Baba akijua ameifuta risiti ile, Tasnim, hatanyanyua kichwa tena."

"Na wewe utakinyanyua vipi bila mume? Mwambie Huzefa!"

"Atamchukia baba."

"Mwenzangu, unampenda mtu halafu unamdhania ubaya namna hiyo? Ngoja, huyu bwana mdogo amekojoa. Mwambie!"

Hakumwambia.

Ijumaa Huzefa akaja. Amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cha hariri, na ndani yake pete na ile kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu ambayo Insiya aliifuma kwa mkono wake. Hata siku hiyo, kabla ya kuingia, aliinama akavigeuza viatu vya mzee vielekee mlango, ili akitoka asipate taabu. Insiya aliona. Akaumia zaidi.

Kabla hajafungua mdomo, Mzee Taher aliinuka.

"Aa, mkwe! Mbona kifundo cha mkono kitupu? Saa iko wapi?"

"Iko mfukoni, baba."

"Mfukoni! Saa si peremende, mwanangu. Haya, niambie, umeipenda? Huyu binti kila nikimuuliza anakimbilia kuosha vyombo. Sahani za nyumba hii zimekwisha maua kwa kuoshwa!"

Huzefa alimgeukia Insiya polepole. Kisha akamrudia mzee.

"Kwani... uso umeuchora wewe, baba?"

"Nani mwingine? Yeye? Huyu fundi wa mashine tu, brashi anaishika kama mwiko!" Mzee alicheka, kisha akakaa, akaukunjua mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka kama jani lenye mvua. "Unauona? Nilikuwa nikishasali alfajiri, nikanywa maji, hapo unatulia kidogo. Nachora namba moja, mbili. Asubuhi ikigoma, nafuta, naanza tena kesho yake. Nilisema, baba wa kijana huyu hayupo. Basi mimi nimwandalie saa yake, kama ambavyo baba yake angemwandaa, lau angekuwepo. Na ndiyo ya mwisho hiyo. Brashi nimezifunga."

Insiya alishika ukingo wa meza. Neno moja tu la Huzefa lilitosha kumvunja mzee yule, na Huzefa alikuwa na haki ya kulisema.

Huzefa aliweka sinia chini. Akaitoa saa, akaivaa. Kidole kilikosa tundu la mkanda mara kadhaa.

"Na wewe unatetemeka?" mzee alishangaa. "Kijana hivyo?"

"Imenigusa, baba."

"Vizuri au vibaya? Sema kweli, mimi si mtoto."

Huzefa alikaa chini, karibu na miguu ya mzee. "Baba, hakuna mtu aliyewahi kunipa asubuhi zake nyingi namna hii." Akaigusa saa. "Lakini pamekosekana kitu. Jina lako."

"Jina?" Mzee aliruka. "Fundi wa uso haandiki jina! Kazi yetu ni watu wasijue kwamba tulipita hapo."

"Mimi nataka wajue."

"Wenzako wakusanya saa watakucheka. Watasema uso wa bandia, umejitangaza wenyewe!"

"Waache wacheke. Andika, baba."

Mzee alivuta kiti mezani. Kisha, "Insiya, mama, zile brashi."

Insiya aliifungua saa, akatoa mashine, akang'oa mishale mmoja mmoja kwa koleo ndogo. Baba akachovya brashi. Mkono ulipogoma, Insiya alikishika kifundo kwa chini, na Huzefa akaikamata meza isitikisike. Chini ya namba sita likaandikwa jina, dogo kama sisimizi: Taher.

"Herufi ya mwisho imepinda," mzee alinung'unika. "Niifute?"

"Usiiguse," alisema Huzefa.

Insiya alimsindikiza Huzefa hadi ngazini. Mvua ilikuwa imepungua. Sinia lilikuwa tena mikononi mwa Huzefa, alikuwa amelichukua bila kufikiri.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utamchukia."

"Ningemkasirikia. Kukasirika si kuchukia, Insiya. Nimekaa siku hizi zote nikijiuliza, yule aliyelia nami alikuwa nani."

"Alikuwa mimi." Machozi yakamtoka. "Na kosa langu lipo, Huzefa. Niliacha uso mezani, nikaondoka bila kumwambia. Doa limekwenda na siwezi kulirudisha."

"Limekwenda," alikubali. "Nitalililia. Usije ukaniambia nyamaza, sasa una saa mpya."

"Sitakuambia."

"Na usidanganye tena ili umlinde mtu. Ukilinda watu, nami nihesabu humo."

"Nimekosa. Nisamehe."

Alitaka kujibu, lakini kutoka juu sauti ya mzee ikashuka: "Mkwe! Mbona ulikuja na sinia? Umeleta nini, na unaondoka na nini?"

Wakatazamana. Huzefa akakohoa.

"Kofia, baba! Inanibana. Nimeileta ipanuliwe!"

"Si nilisema huyu ana kichwa kikubwa? Insiya, mpanulie!"

Insiya alifuta macho kwa pindo la mtandio. "Hata ngazi hujamaliza," alinong'ona, "na wewe umeshadanganya."

Huzefa alicheka, kicheko cha kwanza tangu siku ile. Akamrudishia sinia lote mikononi. "Basi ipanue kweli, nisiwe mwongo. Pete uitoe humo, uivae."

Harusi haikusimama.

Siku chache baada ya kufunga nikaha, ndugu na marafiki walikula nyumbani kwa wanandoa, wamelizunguka sinia moja kubwa kama ilivyo ada yao. Alikuwepo Murtaza, rafiki wa Huzefa na mkusanyaji mwenzake, mtu ambaye macho yake hufika kwenye mkono wako kabla ya kufika usoni.

"Wee!" alinong'ona, ameushika mkono wa Huzefa. "Hii si ile ya kocha? Uso wake wa asili uko wapi? Na hili jina! Nani kakuharibia saa hivi?"

Mzee Taher alikuwa upande wa pili, anasubiri chumvi ipitishwe, maana chakula chao huanza kwa kuonja chumvi. Hakusikia.

"Baba," alijibu Huzefa.

"Baba gani? Kocha tulimzika pamoja."

Huzefa alichukua kibakuli cha chumvi, akakipitisha juu ya sinia kwa mikono miwili hadi kwa mzee, akakishikilia hapo hadi vile vidole vinavyotetemeka vikapata vilichokuwa vinatafuta.

"Anza wewe, baba."

Insiya akainama kuficha machozi, akaanza kupanga mikate ambayo ilikuwa imeshapangwa.