Shabaha Namba Nne Haikuguswa

Saa tatu na dakika thelathini na moja asubuhi, katikati ya fainali, shabaha namba nne ililala chini kabla haijapigwa. Daktari wa Meno, bingwa wa klabu ya kulenga shabaha, alikuwa keshaweka kidole kwenye kifyatulio. Akasita. Shabaha ikainuka. Akalenga tena, ikalala tena. Mara tano! Mara ya sita, mama huyo na heshima zake zote alitamka neno ambalo wagonjwa wake hawajawahi kulisikia.

Mwenyekiti alipandisha bendera nyekundu, mashindano yakasimama, na lawama zote zikamshukia Fundi wa mitambo.

"Dude lako bovu," alisema Mwenyekiti. "Ikifika saa tano hujanieleza kilichotokea, nipe funguo. Za mnara wa mitambo na za chumba."

Chumba hicho cha klabu ndimo alimokuwa akiishi Fundi na mkewe mwenye mimba ya miezi minane. Akakaa chini pale pale.

Bahati yake, alikuwa na shangazi. Shangazi alikuwa mtunza stoo ya risasi. Ganda moja la risasi likikosekana, siku hiyo hali chakula.

"Utalia baadaye," alimwambia. "Nieleze linavyofanya kazi."

"Kila shabaha ina kifaa kinachohisi risasi, Shangazi. Kinatuma habari hewani mpaka kwenye kishikwambi changu. Na mimi nazilaza na kuziinua kwa rimoti."

"Leo umelaza namba nne?"

"Wallahi sijaigusa! Kishikwambi kinasema amri zilitoka kwenye rimoti ya pili, kuanzia saa tatu na dakika thelathini na moja."

"Iko wapi?"

"Kabatini kwa Katibu."

Wakaenda wote ofisini kwake. Katibu, mume wa Daktari wa Meno, mtu mpole wa kusema "samahani" hata kwa mlango, alitoa rimoti na kufungua kifuniko chake cha nyuma. Tundu la betri lilikuwa tupu.

"Haina betri tangu mwaka jana," alisema. "Na ufunguo wa kabati uko msumarini, kila mtu anaujua. Mimi nilikuwa msalani."

Macho yote yakamgeukia Breki, mwalimu wa udereva, mpinzani wa Daktari. Miaka sita mfululizo alikuwa mshindi wa pili.

"Mimi?" Breki aliruka. "Nililala kifudifudi mbele ya watu wote, bunduki mikononi! Rimoti ningeibonyeza kwa meno?"

"Labda," alisema Shangazi. "Lakini meno yenyewe kakung'oa Daktari."

"Tunapoteza muda," alisema Mwenyekiti.

"Haya, tuuangalie huo muda," alijibu Shangazi. "Saa hizi ni saa ngapi?"

Pale klabuni simu huachwa getini zisivuruge mitambo, kwa hiyo watu wote hutegemea saa ya ukutani iliyo juu ya meza ya Katibu. Mwenyekiti aliinua kichwa kuitazama. Breki aliinua. Daktari aliinua. Hata Fundi, na machozi yake, aliinua.

"Saa tatu na dakika ishirini na nane," alisoma Breki. "Aa! Haiwezekani!"

"Saa nne na dakika hamsini," alisema Katibu. Yeye alikuwa amekunja mkono wa shati na kutazama saa yake ya mkononi.

Shangazi akamgeukia Katibu.

"Baba," alisema Shangazi polepole, "miaka minane ukiulizwa saa unatazama ukutani. Leo umejuaje kwamba imekufa?"

"Samahani..."

"Imekufa dakika tatu kabla namba nne haijaanza kulala. Betri yake ndiyo uliyoitia kwenye rimoti. Itoe mfukoni."

Katibu aliitoa. "Nilitaka kuirudisha, lakini mkaja wote kwa pamoja."

"Mume wangu?" Daktari alishika kiuno. "Kwa nini?"

"Makombe kumi na moja, mke wangu! Nani anayafuta vumbi? Na kila ukishinda unanisimulia risasi moja moja, upepo ulitoka wapi, ulivuta pumzi vipi, chakula kinapoa! Nikasema mara hii moja tu, ashinde Breki, nipumzike. Sikujua watamfukuza Fundi. Nikaogopa kusema."

"Ukamwacha mke wa mtu azalie barabarani," alisema Shangazi, na hapo hakuna aliyecheka.

Katibu aliinama, akamwomba Fundi msamaha mbele ya wote. Mwenyekiti akakohoa, akasema funguo zibaki zilipo. Fundi alimkumbatia shangazi yake mpaka vikinga masikio vikamdondoka shingoni.

Fainali ilirudiwa saa tano na nusu. Namba nne ilisimama wima, ikapigwa risasi kumi kwa kumi. Breki, kama kawaida, wa pili.

Daktari alipokea kombe la kumi na mbili, akalitia mikononi mwa mumewe pamoja na kitambaa.

"Kaa chini," alimwambia. "Risasi ya kwanza ilikuwa hivi."